Walivyomnyang'anya Mfyekaji Wenzake

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie kuhusu miaka niliyofanya kazi katika chumba kile cha juu, pale Mbinga mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkasema niandike chochote, mradi kimfae anayeanza. Nitaandika, lakini mjue tangu mwanzo kwamba ninaandika nikiwa na hasira, na sina mpango wa kutulia kabla ya kufika mwisho. Mambo ya vyeo nayaruka. Nilipewa viwili, na vyote vilikuja na kiti kilekile kibovu.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati Matiri kabla ya kuja huko. Kampuni iliyotengeneza Bonde la Saba ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, ikafungua chumba Mbinga kwa sababu gemu lenyewe lilihusu milima kama ya kwetu, na nadhani pia kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa nafuu. Kwa mtu wa nje anayesoma hapa: ni mchezo wa kwenye simu ambamo watu mamia huingia pamoja, kila mmoja amechagua mhusika wake. Yuko mganga, yuko mpiga upinde, wako wapiganaji wa karibu wanaopigana uso kwa uso. Kazi yangu ilikuwa namba. Pigo hili lipunguze damu kiasi gani, na ukishalitumia usubiri sekunde ngapi kabla ya kulitumia tena. Wanafunzi wangu wa zamani waliposikia, waliniuliza kama kweli ninalipwa kwa hilo.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Aliyenipokea alikuwa Mama Skola, mama wa Litembo aliyenizidi umri, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu kila kitu kabla hakijawafikia wachezaji. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Kazi yako leo ni kufa," akaniambia. "Ingia, uuawe, kisha uniambie umeuawa vizuri au vibaya."

Nilikufa hadi saa ya chakula. Kila nilipokufa aliniuliza: ulijua nani amekuua? Ulikuwa na nafasi ya kukimbia? Ulitaka kurudi au ulitaka kutupa simu? Majibu yangu aliyaandika kwenye daftari kubwa la mistari, lile ambalo baadhi yenu mnadhani ni la mahudhurio. Humo ndani pigo lililochelewa aliliandika "linasita kama mtu uliyemsalimia anatafuna". Nimesoma vitabu kadhaa vya kazi hii tangu siku ile na hakuna kilichonieleza ucheleweshaji vizuri zaidi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kompyuta mbili, simu za kila aina kuanzia nzuri hadi za aibu, saa ya kupimia sekunde, na kikopo cha mahindi na maharage. Umeme ukikatika tulimwaga kikopo mezani: maharage ni sisi, mahindi ni maadui, tukaendelea na pambano kwa mkono. Wanaoanza, msikitupe kikopo kile. Makosa mengi niliyaona kwenye punje kabla ya kuyaona kwenye skrini.

Kosa langu kubwa la mwanzo sikuliona kwenye punje. Niliona pigo moja la wapiga upinde halitumiwi na mtu, nikalifuta. Kumbe mwendo wao wote ulikuwa unalitegemea. Nchi nzima, wapiga upinde wote wakasimama mikono juu, hawaendi mbele wala nyuma, na nguruwe wekundu, maadui wa gemu letu, wakawatafuna taratibu. Mama Skola alisubiri mpaka nimalize kurekebisha, akaniletea chai.

"Mwalimu," akasema, "kitu usichokitaka, zima. Usifute. Weka sifuri, kesho ukikihitaji unaweka moja. Ukifuta, utakitafuta kwa machozi."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya chumba kile, na nitairudia huko mbele. Ishikeni.

Sasa nifike kwa Mfyekaji. Dar es Salaam walitaka mpiganaji wa karibu mwenye asili ya huku, wakaniachia mimi kwa kuwa ni Mmatengo. Nilifurahi kama mtoto. Nikampa nyengo, ule upanga wetu uliopinda ncha, nikampa na uwezo wa kuchimba ngoro, mashimo yale tunayolimia kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Maadui wanashuka mlimani kama maji, Mfyekaji anachimba shimo, wanatumbukia. Niliona ni kazi safi. Tukaijaribu: Mfyekaji anachimba, na nguruwe wanalikwepa shimo lake kana kwamba lina kibao cha onyo. Nikaongeza upana. Wakakwepa kwa mbali zaidi. Nilihangaika na namba wiki nzima.

"Mwalimu, umewahi kuchimba ngoro?" Mama Skola akaniuliza.

"Mama, mimi nimezaliwa Matiri."

"Sijakuuliza umezaliwa wapi."

Ukweli ni kwamba sikuwahi. Kwetu mwanaume anafyeka majani, yakishakauka anayapanga kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba, kisha anakwenda zake. Wanaokuja na majembe ni wanawake. Nilikuwa nimepanga majani tangu utotoni na sikuwahi kugeuka kuangalia kinachofuata. Ni kosa la mwanaume wa Kimatengo hasa. Mtu wa Tanga angeuliza.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka shambani kwake Litembo. Ilikuwa siku ya ngokela, majirani wamekuja kumlimia mmoja wao, na watakula hapohapo. Nikapewa jembe mbele ya akina mama kumi na kitu waliokuwa wakicheka bila kujificha. Nikaanza kuchimba shimo katikati ya mraba. Mama Skola akanizuia. "Unachimba nini? Funika majani." Nikachukua udongo wa katikati, nikafunika majani ya upande huu, kisha upande ule, kisha pande mbili zilizobaki. Nilipoinuka, shimo lilikuwa pale. Hakuna aliyelichimba. Lilitokea kwa sababu majani yamefunikwa, na majani yenyewe yangeozea chini ya tuta na kulisha maharage. Mgongo uliniuma siku nne, nikarudi kazini na Mfyekaji mwingine kabisa.

Huyu mpya alikuwa na vitufe vitatu tu. Fyeka, pigo la mbele. Tandaza, anapanga majani ardhini kwa miraba. Simama, anapiga nyengo chini na kuwaita wenzake. Cha nne hakikuwa chake. Mchezaji mwingine yeyote aliyesogea kwenye majani, awe mganga au mpiga upinde, alitokewa na kitufe kwenye skrini yake: Funika. Wakifunika wengi, mteremko wote unakuwa mashimo, na nguruwe wanaingia mmoja baada ya mwingine. Mfyekaji wa peke yake alikuwa mtu na majani yake. Mfyekaji mwenye wenzake hakupitika. Sijawahi kutengeneza kitu kingine kinachostahili kuandikiwa, na hata hicho nusu yake ni cha Mama Skola.

Baada ya miezi michache tukaanza kupokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu wa Liuli, kule ziwani, aitwaye Bosco. Alikuwa analalamika kwamba kitufe cha tatu cha Mfyekaji kiko mbali kwa nusu kidole. Tulicheka. Akatuma tena, kwa upole uleule. Alipotuma mara ya tano nikashuka mwenyewe kumwona.

Nilimkuta ufukweni kando ya chanja za kuanikia usipa, dagaa wa kule ziwani, amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, na watu saba au wanane wake kwa waume wamemzunguka, kila mmoja na simu yake.

"Shikamoo Mwalimu. Kaa hapa, mtandao unaishia hapa," akaniambia, akanisogezea nafasi.

Kamba ya wavu ilikuwa imemkata vidole vya mkono wa kulia. Vilibaki kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kushoto ulishika simu, viwili hivyo vikacheza juu ya kioo kwa kasi ambayo mimi mwenye kumi sikuwa nayo. Nikamuuliza kwa nini hakuchagua mpiga upinde, anayependwa na wengi.

"Mpiga upinde ana vitufe sita. Mimi nina hivi viwili." Akavionyesha, kisha akaendelea bila kuniangalia. "Hapa nyumbani nikisogea kuvuta wavu wananiambia, kaa, Bosco, utaumia. Humo ndani nikitandaza majani wanakuja wote mbio. Hakuna anayeniambia kaa."

Nilirudi Mbinga nikasogeza kitufe nusu kidole. Niliandika kwenye daftari la Mama Skola kwamba vitufe vya Mfyekaji visizidi vitatu na visihamishwe, na nikaandika sababu. Mtaiona, ni kwa wino mwekundu. Kikosi cha Bosco kilikua mpaka kikawa na watu wa Liuli, wa milimani na hata wa mikoa ambayo sijafika, na kila saa kumi na moja jioni walikutana langoni mwa mji mkuu wa gemu, yeye mbele na majani yake, wao nyuma na majembe.

Kisha akaja Edgar. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Ni kijana wa Dar es Salaam, mpole, alikuja na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Mbinga lilivimaliza kabla ya saa sita. Alitumwa kutuletea Mfyekaji mpya. Vitufe saba. Anaruka, anazunguka na nyengo kama pangaboi, anachimba shimo lake mwenyewe na kumsukumia mtu ndani. Funika ifutwe. Majani yabaki kama pambo.

"Mzee wangu," akaniambia, "mtu akiingia peke yake na mhusika huyu hawezi kuua hata nguruwe mmoja."

"Atapata wenzake."

"Asipowapata?"

Hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Mtu mgeni kweli alihangaika. Nikamwambia basi tumpe huyo mgeni njia yake, aruke azunguke, ila Funika na vitufe vitatu vibaki kwa wanaotaka. Akasema mhusika mmoja hawezi kuwa na njia mbili, atawachanganya watu. Nikamwambia kuna mtu Liuli ana vidole viwili.

"Mchezaji mmoja, Mzee?"

"Si mmoja."

"Wangapi? Tuna takwimu?"

Miaka yote ile ya kuhesabu sekunde na matone ya damu, na sikuwahi kuhesabu watu ambao kitufe cha nne kingewatoa nje. Mama Skola alikuwa pembeni anasikiliza, kalamu mkononi.

"Anachimba mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, mama," Edgar akajibu.

"Mwanaume, peke yake, bila majani?"

"Majani yatakuwepo, mama. Kwa uzuri."

Akafunga daftari, akaliweka kwenye droo ya chini. "Mimi nimemaliza," akasema, na alimaanisha. Wiki hiyohiyo alirudi Litembo. Hakupiga kelele wala hakuandika barua ndefu.

Mimi nilibaki, na hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nilijidanganya kwamba nikizifanya mimi zile namba zitakuwa na huruma kidogo. Namba haina huruma; nilishawafundisha watoto hivyo kwa miaka. Niliwapangia vitufe saba vyao vizuri, kwa bidii, na Edgar akanisifu mbele ya watu. Nilipokea sifa ile nikiitikia kwa kichwa. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Walipotoa tangazo la toleo jipya nilidhani nitapasuka. Picha ya mwanaume mmoja, kifua wazi, kwenye mteremko mtupu, anachimba shimo katikati ya udongo usio na jani hata moja. Chini yake wameandika kwamba wanaenzi utamaduni wa Wamatengo. Utamaduni upi? Wa mtu kulima peke yake kama mwizi? Walimwondolea wanawake waliofunika, wakamwondolea majani yanayorutubisha, wakamwondolea majirani, wakabakiza misuli, kisha wakatushukuru sisi. Mwenye duka hapo chini, ambaye wazee wake walitoka Kilwa na hajawahi kushika jembe, aliliona tangazo akaniuliza, "Mwalimu, wake zenu wako wapi hapa?" Hata yeye aliona.

Siku ya pili baada ya toleo kutoka, Bosco alituma sauti. Nimeihifadhi. "Shikamoo Mwalimu. Naona vitufe vimekuwa saba. Nimejaribu, nimetumia na pua." Akacheka kidogo, na nyuma yake nikasikia mtu akimwambia amwachie yeye simu amchezee. "Basi, Mwalimu. Sijui mlitufikiriaje. Kazi njema." Hakutuma tena.

Nilimjibu mara nne. Sijui nilitegemea aseme nini.

Wiki chache baadaye Edgar alipiga simu akiwa na wasiwasi. Kuna hitilafu langoni mwa mji mkuu, akasema. Nikaingia kuangalia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Bosco alikuwa pale na nyengo yake. Alikuwa anatandaza majani, maana Tandaza ilibaki mahali pake palepale, hata kama kazi yake sasa ilikuwa pambo. Mraba baada ya mraba, mpaka uwanja wote umejaa. Na kando ya kila mraba amesimama mtu: waganga, wapiga upinde, wale wa Liuli, watu nisiowajua. Hawakupigana, hawakuruka wala kuzunguka. Walisimama kando ya majani ambayo hakuna anayeweza kuyafunika. Siku iliyofuata walikuwepo tena, na inayofuata. Majani yalikuwa mengi kiasi kwamba simu za bei rahisi zikaanza kukwama zikipita pale, na Dar es Salaam wakaagiza majani yafutwe. Hilo ndilo jukumu lililoachwa mezani kwangu nilipoondoka. Nilikatiwa keki, nikapewa shuka, Edgar akatoa hotuba nzuri. Mezani nikaliacha jukumu kama lilivyokuwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Litembo kumsalimia Mama Skola. Alinipa ugali na maharage ya ngoro zake, akaniacha nishibe kwanza.

"Ile Funika," akasema. "Walipokwambia uifute. Ulifuta au ulizima?"

"Nilizima, mama."

"Umeweka sifuri?"

"Nimeweka sifuri."

Alikusanya sahani, akazipangusa moja moja. "Na sasa umetoka," akasema. "Nani ataweka moja?"

Kwa sababu ya swali hilo, mlipoleta barua yenu ya kuniomba kumbukumbu nilikubali siku hiyohiyo. Ninyi mnafikiri mmeomba hadithi za mzee. Haya, someni vizuri, na Edgar naye asome, sijali. Daftari liko droo ya chini, ile inayotaka kuinuliwa kidogo ndipo ifunguke. Tafuteni ukurasa wenye wino mwekundu. Chini ya maelezo ya Bosco kuna jina la faili na namba ya mstari, kwa mwandiko wangu. Mstari ule una sifuri moja. Chini yake upo mwingine unaorudisha vitufe vitatu kwa anayevitaka na kuwaachia saba wanaopenda kuruka. Niliutengeneza na kuujaribu kwa maharage na mahindi katika siku zangu za mwisho, na nikakosa moyo wa kuuwasha. Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa vizima.

Mkishaweka moja, msihangaike kunijulisha. Nimejiandikisha kwenye gemu kwa jina ambalo hamlijui, mganga wa kawaida mwenye jembe. Kila jioni saa kumi na moja nasimama langoni kando ya majani ya Bosco, pamoja na wengine, na kidole changu kiko mahali kitufe kilipokuwa.